Mwalimu, Baba Anasema Mawasiliano ya Umma Si Kozi

MASOMO NA KAZI: Barua za wasomaji

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, vyuo vinapokea maombi, na barua zilizonifikia mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja: ukisoma mawasiliano ya umma, uandishi wa habari au uhusiano wa umma, kuna kazi mbele? Nimeishi humo muda mrefu. Nilianza nikiandika habari Mwanza, nikawa afisa habari wa halmashauri, na sasa nafundisha. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana najua nyumba nyingi zina mabishano hayohayo.

Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nimepata Daraja la Pili la pointi 10. Shuleni nilikuwa katibu wa klabu ya habari, na nimeomba shahada ya Mawasiliano ya Umma. Baba anafanya biashara ya mpunga. Anasema hauzi magunia yake ili mtoto akasomee kuongea, kwa sababu kuongea nilijua nikiwa na miaka miwili. Anataka nisome ualimu. Mama yuko kimya. Nimwambie nini baba? — Binti wa Kahama

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo.

Usimwone baba yako kama mtu asiyeelewa. Ameuliza swali ambalo wazazi wengi hawaulizi wakishaona mtoto kapata chuo: kwa fedha hii, mtoto atatoka na nini ambacho leo hana? Anastahili jibu lenye ushahidi. Ukimwambia una kipaji, au kwamba hiyo ndiyo ndoto yako, atakuona mtoto.

Anza na jambo analolijua vizuri, yaani wakulima na mbegu. Mwaka 1943 wanazuoni wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa mahindi wa jimbo la Iowa. Mbegu chotara ilikuwa imeingia na ilizaa kuliko ile ya zamani, lakini wakulima walichukua miaka kuikubali. Watafiti wakagundua kwamba wengi walisikia habari za mbegu hiyo kwanza kwa wauzaji waliopita mashambani, ila aliyewafanya waipande ni jirani ambaye alishaipanda wakaona. Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa hukohuko Iowa, alijengea hapo nadharia yake ya jinsi mambo mapya yanavyoenea, akaitoa kitabuni mwaka 1962. Hutamaliza shahada yako bila kukutana na jina lake.

Sasa njoo kwetu. Kama bibi yako yupo hai, mwombe akusimulie kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya. Ilikuwa mwaka 1973. Vijijini watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadiliana na kiongozi wa kikundi ambaye ni mtu wao, halafu wakakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba redio peke yake haichimbi choo, na kwamba mtu akishaamua mbele ya majirani zake huona aibu kurudi nyuma. Kupanga jambo la namna hiyo kunahitaji ujuzi, na mtu hazaliwi nao.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Baba yako huenda anamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njia nzima. Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua ni kwamba wakazi wa Dodoma hawakurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Rogers mwenyewe alikuwa katika timu hiyo ya watafiti. Wakakuta kwamba kule mchezo ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Mimi kila nikilifundisha somo hili darasani huona vijana wanakaa sawa kwenye viti. Wanatambua kwamba mazungumzo ya redioni yanaweza kupimwa, na kwamba nchi yetu ni moja ya sehemu ambako jambo hilo lilipimwa kwa umakini mkubwa.

Nikuonyeshe na kazi ndogo ya ofisini, maana ndiyo itakayojaza siku zako. Nikiwa halmashauri ilikuja kampeni ya chanjo ya surua na rubela. Rasimu ya tangazo iliyoletwa mezani kwangu ilisomeka hivi: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa zoezi la utoaji wa chanjo ya surua rubela kwa walengwa wenye umri wa miezi 9 hadi miezi 59 litafanyika katika vituo vyote vya kutolea huduma za afya, hivyo wazazi na walezi mnahimizwa kutoa ushirikiano."

Sarufi haina kosa. Lakini mama aliyeko gengeni hahesabu umri wa mwanawe hadi mwezi wa 59, na neno "mlengwa" halimwambii kwamba anayeitwa ni yeye. Maswali aliyonayo moyoni hayamo kabisa. Nitalipa? Mwanangu alishachomwa kliniki, nimpeleke tena? Kadi imepotea, nesi atanigombeza? Hili la kadi tulilipata kwa kukaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kuwauliza akina mama wanasema nini mlangoni. Gari la matangazo likapita na maneno haya: "Mama, baba, una mtoto aliyefikisha miezi tisa na hajatimiza miaka mitano? Mlete zahanati ya karibu kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Chanjo ni bure. Hata kama alishachanjwa, mlete. Kadi imepotea? Mlete hivyohivyo." Na kwa wale ambao hawasikii Kiswahili vizuri, tukamtafuta mtu wa kulisema kwa Kisukuma, siyo kulitafsiri neno kwa neno bali kulisema.

Msomee baba matangazo yote mawili, kisha umuulize ni lipi angeliitikia.

Kuhusu kazi zenyewe. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na muundo wa sasa unazipa kitengo cha mawasiliano serikalini, ingawa mara nyingi utamkuta humo mtu mmoja au wawili tu. Kuna ofisi za wakuu wa mikoa, wizara, mamlaka za maji, hospitali za rufaa, vyuo vyenyewe. Afisa Habari Daraja la II huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D. Mwalimu mwenye shahada huanzia TGTS D, ngazi ya mishahara ya walimu. Kwa hiyo kama baba anaona ualimu una uhakika wa mshahara kuliko afisa habari, mweleze kwamba serikalini wanaanzia mahali pamoja. Ualimu naupenda, naufanya, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ni kazi ya kukimbiliwa na waliokosa pengine. Ila uende huko kwa kuutaka.

Halafu wewe ni wa Kahama, na hapo una bahati ambayo mtoto wa Dar es Salaam hana. Umekulia jirani na migodi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mtu fulani lazima akae na wanakijiji, asikilize kwamba wanataka kisima kabla ya ukumbi, ayarudishe maneno hayo mgodini bila kuyapunguza, kisha arudi kijijini kueleza kilichokubaliwa na kilichokataliwa. Huyo ni afisa mahusiano ya jamii. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita mkoani Shinyanga, na kazi ya kueleza fidia, mipaka na usalama kijiji kwa kijiji ni ya watu wa aina hiyo. Ukijua Kisukuma, ukajua namna mkutano wa kijiji unavyokwenda, ukaongeza shahada juu yake, una kitu ambacho kampuni haiwezi kukiagiza kutoka nje.

Redio na televisheni zipo, bila shaka. Vipo na vituo vya kimataifa vinavyotangaza kwa Kiswahili, kama BBC iliyoanza mwaka 1957 na DW ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963. Lakini usiende chuo ukiwa na picha ya kipaza sauti tu kichwani. Nafasi hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi mno.

Sasa nikwambie ni wakati gani baba yako atakuwa sahihi. Atakuwa sahihi ukichagua chuo ambacho utamaliza miaka 3 bila kugusa kinasa sauti, ukinakili vitini na kujibu mitihani. Kabla hujathibitisha, uliza kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, siyo kwa ofisi ya udahili: studio inafanya kazi? Nani anaitumia? Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Mwanza kina redio yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni ya Mlimani, na wanafunzi wa shule yake ya uandishi wa habari huandaa gazeti lao. Vipo vyuo vingine vizuri. Nenda mahali ambako kazi yako itasomwa au kusikika na watu wasiokujua.

Na atakuwa sahihi vilevile ukimaliza ukiwa unajua mawasiliano tu. Mwandishi asiyejua chochote kuhusu madini atanakili taarifa ya kampuni ilivyo. Afisa uhusiano wa hospitali asiyejua rufaa inakwendaje atawapotosha wagonjwa. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza jichagulie jambo la kulifuatilia kwa dhati: madini, afya ya mama na mtoto, kilimo cha mpunga, bajeti za halmashauri. Jifunze takwimu hata kama HKL ilikukimbiza hesabu. Kwa upande wako ningeanza na mpunga, kwa sababu mwalimu wa kwanza yuko sebuleni kwenu.

Maombi ya mkopo yapeleke Bodi ya Mikopo mapema, usingoje mabishano yaishe. Mkopo hauna uhakika, ila ukipatikana utapunguza idadi ya magunia yatakayouzwa, na hoja hiyo wafanyabiashara huielewa haraka. Kuhusu mama: kaa naye jikoni umwulize anaonaje. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ni wa upande wowote mpaka umwulize.

Mwalimu, habari za kazi. Nilihitimu shahada ya uhusiano wa umma na matangazo miaka miwili iliyopita. Nafasi zikitangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, naomba. Nimeitwa usaili zaidi ya mara moja, naishia kwenye mtihani wa kuandika. Kwa sasa nauza vifaa vya simu. Wenzangu wanasema akili mnemba imeshamaliza kazi zetu. Nirudi chuo nisome kitu kingine? — Mhitimu, Mbeya

Hapana, usirudi kwanza. Umeitwa, maana yake karatasi zako zinafaa. Kinachokukwamisha kiko kwenye mtihani, na mtihani hufanyiwa mazoezi.

Nimesahihisha maandiko mengi ya vijana wa fani hii. Wengi huanza taarifa kwa vyombo vya habari kwa itifaki na shukrani, halafu habari yenyewe unaikuta aya ya nne. Kila jioni baada ya kufunga duka, chukua tukio moja la mjini kwenu, jipe dakika 40, andika taarifa ya ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iseme nani anafanya nini, wapi na lini. Mpe mtu asiye wa fani yetu aisome, kisha akueleze alichoelewa bila kuitazama tena karatasi. Asipoweza, iandike upya.

Jambo la pili ni kwamba huna kazi za kuonyesha. Barua yako ya maombi, uliyonitumia nakala yake, inasema una "uwezo mkubwa wa mawasiliano". Kila mwombaji ameandika hivyo. Badala yake tafuta chama cha ushirika, zahanati au shule ambayo ina tatizo unaloweza kulishika. Hapo Rungwe wakulima wa parachichi hushawishiwa na madalali kuchuma matunda kabla hayajakomaa, na matunda hayo yakifika sokoni nje yanaharibu jina la wote. Nenda kwenye AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Hoji wakulima kwa nini wanachuma mapema. Huenda ni ada ya shule, siyo ujinga. Watengenezee ujumbe wa sauti wa dakika mbili wa kutuma kwenye makundi yao ya WhatsApp, na bango la mahali pa kupokelea matunda. Hesabu kabla na baada: makreti mangapi yalikataliwa? Ukitoka hapo una kazi moja yenye matokeo, na utaweza kuielezea mbele ya jopo lolote kwa sababu uliifanya kwa mikono yako.

Lakini kujitolea kuwe na mipaka. Andikianeni karatasi: utafanya nini, kwa muda gani, na kwamba utaruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kwingine. Nimewaona vijana waliozungushwa mwaka mzima kwa ahadi ya "tutakuangalia", wakiendesha kurasa za mitandao za taasisi bila hata nauli, na jambo hilo linaniudhi sana. Miezi 3 inatosha. Wakitaka zaidi, walipe.

Kuhusu akili mnemba, itakuandikia taarifa kwa dakika moja, tena yenye Kiswahili kinachopita. Itumie kwa rasimu na kwa kukagua makosa. Haitakwenda Tukuyu kukaa kwenye benchi na kugundua kwamba tatizo ni ada. Walio hatarini ni wale ambao kazi yao yote ilikuwa kupanga maneno yaliyozoeleka, na hao hata kabla ya mashine walikuwa wakipata shida.

Duka usilifunge. Linakulisha, na pale kaunta unakutana kila siku na watu wa rika zote wanaoshindwa kuelewa maelekezo ya simu zao. Wasikilize wanavyouliza.

Mwalimu, mimi ni mama wa kijana wa kidato cha sita. Anasema kuna uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo. Zinatofautiana nini? Naogopa achague jina zuri akose kazi. — Mama, Tanga

Mama, kwa kifupi: uandishi wa habari humwandaa mtu kutafuta habari na kuithibitisha kwa niaba ya wananchi. Uhusiano wa umma humwandaa kuisemea taasisi na kuisikilizia. Mawasiliano ya umma ni pana zaidi, hugusa vyote viwili pamoja na utafiti na utayarishaji wa vipindi. Mwaka wa kwanza masomo mengi hufanana.

Matangazo ya kazi ya Afisa Habari serikalini kwa kawaida hutaja fani hizi pamoja, kwa hiyo jina la shahada halimfungii mlango. Kinachomtenganisha ni tabia yake. Kama ni mtu wa kuhoji mpaka wakubwa wanachoka, na hawezi kunyamaza akiona hesabu hazilingani, mpeleke uandishi wa habari. Kama ndiye anayepatanisha wenzake na anayekumbuka kupigia watu simu, uhusiano wa umma utamfaa. Mwambie tu kwamba afisa uhusiano anayesema uongo kwa ajili ya mwajiri huharibu kazi yake na ya wenzake, na waandishi hawasahau.

Sifa za kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita unaofikisha alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Vyuo vingine hutaka masomo maalumu, kwa hiyo asome mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, siyo wa kaka yake.

Mwalimu, shikamoo. Natangaza redio ya jamii, kipindi cha wafugaji, wasikilizaji wananipenda. Nina cheti cha kidato cha nne tu, D nne na C moja. Tumeambiwa bila stashahada hatutapewa kitambulisho cha uandishi. Ndiyo mwisho wangu? — Mtangazaji, Manyara

Marahaba. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kiwango cha chini cha elimu ni stashahada. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari imeshaanza kazi. Kwa hiyo ulichoambiwa ni kweli, na usikae ukisubiri kilegezwe.

Ila njia unayo. Ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini unakuingiza ngazi ya 4 ya astashahada, kisha ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, maana vipo vya mitaani vinavyogawa vyeti ambavyo Bodi haitavitambua. Zungumza na meneja wako kabla hujalipa ada. Redio ya jamii inayompoteza mtu anayejua malisho, minada na magonjwa ya mifugo kwa lugha ya wenyeji haipati mwingine kwa urahisi, na meneja analijua hilo. Mwombe mambo mawili: akupangie kipindi chako siku za mwisho wa wiki wakati wa masomo, na mafunzo yako kwa vitendo uyafanye hapohapo kituoni. Hifadhi rekodi za vipindi vyako vyote kuanzia wiki hii, pamoja na meseji za wafugaji wanaouliza maswali. Utazihitaji darasani, na ukifika mwaka wa mwisho utakuwa na utafiti wako tayari.